Nani Kasema?

Mwezi huu barua ni nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja: kurejelea, yaani kutaja ulikotoa maneno na mawazo. Sishangai. Huu ni msimu wa kukabidhi tasnifu na miradi ya utafiti, na hapa ninapofanyia kazi, ghorofa ya pili nyuma ya River Road, ngazi hazipumziki tangu asubuhi. Nimechapa na kuhariri kazi za wanafunzi tangu 1991, kwanza kwa taipureta na karatasi za kaboni, kisha kwa kompyuta. Nimewaona wengi wakilia kwenye kile kiti cha wageni, na mara nyingi kilichowaliza hakikuwa ugumu wa somo bali ukurasa wa marejeleo. Kwa hiyo safari hii safu nzima ni yao. Barua nimezifupisha, majina nimeyahifadhi.

Shikamoo Mama Mhariri. Niko mwaka wa tatu, nasomea maendeleo ya jamii. Katika sura ya kwanza niliandika kwamba Kibera ni mtaa wa mabanda wenye watu zaidi ya milioni moja. Msimamizi wangu ameizungushia sentensi hiyo duara jekundu na kuandika pembeni: "Nani kasema?" Mama, hilo si jambo ambalo kila mtu analijua? Tulifundishwa kwamba jambo linalojulikana halihitaji kurejelewa. – Mwanafunzi, Lang'ata

Marahaba mwanangu. Mlichofundishwa ni kweli, ila umekipeleka pasipo pake. Yapo mambo yasiyo na mwenyewe. Kwamba Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, kwamba Katiba ya sasa ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, kwamba kaunti zetu ni 47: hayo yaandike tu, hakuna atakayekuuliza. Fungua kitabu chochote cha historia au cha uraia utayakuta yale yale, na hakuna anayeyabishia. Methali nazo ni hivyo hivyo. "Haraka haraka haina baraka" haina mtunzi wa kumtaja. Lakini ukisoma mahali mtaalamu akieleza methali hiyo ilizukaje na hutumiwa wapi, maelezo hayo ni yake, na jina lake lazima lionekane.

Idadi ya watu wa Kibera haimo katika kapu hilo. Hiyo milioni nimeichapa kwa vidole vyangu mara nyingi mno. Kuna waliosema laki saba, kuna waliosema milioni moja, kuna waliopanda hadi milioni na nusu. Wengi hawakutaja chanzo. Wachache waliotaja, nilipofuatilia nilifika kwenye tasnifu ya mtu mwingine, naye aliitoa kwenye gazeti, na gazeti lilikuwa limeandika "inakadiriwa". Inakadiriwa na nani? Hapo ndipo njia ilipokatikia.

Kisha yakatoka matokeo ya sensa ya 2009, na hesabu ya Kibera ikawa watu 170,070. Nakumbuka siku hizo. Wateja wangu wawili walibishana ofisini hapa hadi chai ikapoa, mmoja akisema wapangaji wengi hawakuhesabiwa, mwingine akisema ile milioni haikuwahi kuhesabiwa na mtu yeyote, ilirithiwa tu. Ukija kwenye sensa ya 2019, utaona kaunti ndogo ya Kibra ina watu 185,777, na Nairobi nzima 4,397,073. Hapo tena tahadhari: kaunti ndogo ya Kibra si kitu kimoja na mtaa wa mabanda wa Kibera. Mipaka ya utawala haifuati mapaa ya mabati. Mtu akizichukua 170,070 ya 2009 na 185,777 ya 2019 akaziweka kwenye jedwali moja, akaandika "Kibera imekua", atakuwa amelinganisha vitu viwili tofauti bila kujua.

Sikwambii uamini namba ipi. Nakwambia kwamba "watu 170,070 kwa hesabu ya sensa ya 2009" ni sentensi inayokaguliwa, na "zaidi ya milioni moja" peke yake haikaguliki. Nenda kwenye ripoti yenyewe ya Shirika la Takwimu, yaani KNBS. Ile ya 2019, Juzuu la I, ina idadi ya watu kwa kaunti na kaunti ndogo. Taja shirika, mwaka, juzuu na ukurasa wa jedwali. Kama bado unataka kuitaja ile milioni, itaje pamoja na aliyeisema, kisha mweleze msomaji kwa nini hesabu zinatofautiana: nani alihesabu, alihesabu lini, mpaka wa mtaa aliuchora wapi. Lile duara jekundu limekufungulia sehemu nzuri kuliko zote katika utafiti wako. Usilikasirikie.

Mimi mwenyewe nikihariri hujiuliza swali moja kwa kila sentensi: msomaji akibisha hapa, mwandishi atamwonyesha wapi? Kama pana mahali pa kumwonyesha, pale pahali paandikwe. Kama jibu ni "niliona mwenyewe, nilihesabu mwenyewe, nilifikiri mwenyewe", basi hapo ni pako, sema ni pako, na uzuri wake ni kwamba msomaji atakuamini kwa sababu kwingine kote umekuwa ukimwonyesha njia.

Mama, ninaandika tasnifu ya isimujamii kwa Kiswahili, na vitabu vingi vya nadharia viko kwa Kiingereza. Natafsiri mwenyewe. Kuna aya moja iliyonichukua Jumamosi nzima. Je, baada ya jasho hilo lote aya hiyo si yangu? Na nikimtaja mwandishi, niweke alama za kunukuu? – Mwanaisimu, Kahawa

Tafsiri ni yako, dada, na hakuna wa kukunyang'anya. Wazo ni la yule aliyeliandika kwanza. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu katika kazi za Kiswahili ninazoletewa, huu ndio wizi ninaoukuta mara nyingi, na ndio unaopita bila kuonekana. Programu inayolinganisha maneno si rahisi iyatambue maandishi yaliyovuka kutoka lugha moja hadi nyingine. Mtahini asiyekisoma kitabu cha Kiingereza naye hatajua. Anayeumia ni msomaji wa Kiswahili, yule mwanafunzi wa miaka kumi ijayo atakayeipenda aya yako na kutaka kujua zaidi, akakosa pa kwenda kwa sababu ulimfungia mlango.

Kuhusu alama: inategemea mtindo wa idara yenu. Mtindo wa APA, ule wa kurejelea wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, huichukulia tafsiri uliyoifanya mwenyewe kama maelezo kwa maneno yako, kwa hiyo alama za kunukuu haziwekwi, ila jina la mwandishi na mwaka ni lazima, na mimi nakushauri uongeze ukurasa. Katika MLA, mtindo wa chama cha Marekani cha wasomi wa lugha na fasihi, utaweka alama na kuonyesha ndani ya mabano kwamba ni "tafsiri yangu". Na kama tafsiri ilikwisha kuchapishwa na mtu mwingine, hapo mambo yanageuka: maneno ni ya mfasiri, mnukuu kwa alama na jina lake litokee kwenye marejeleo.

Kuna jambo ambalo hukuuliza nami sitaki lipite. Unapotafsiri nadharia, utaunda istilahi. Mara ya kwanza neno jipya linapotokea, sema limetoka wapi: kwenye kamusi gani, kwa mtaalamu gani, au umeliunda wewe. Nimekutana na tasnifu tatu za idara moja zinazotumia maneno matatu tofauti kwa dhana moja, na hakuna hata mmoja wa waandishi hao aliyeeleza neno lake limezaliwa wapi. Utawasomaje kwa pamoja?

Na kwa kuwa tumegusa "maneno yako", ngoja nionyeshe kitu, maana barua nyingine nne zimeuliza hilo hilo. Tuseme kitabu kinasema: "Wachuuzi wa Gikomba hununua mitumba alfajiri kwa sababu marobota hufunguliwa kabla ya jua kuchomoza, na anayefika kwanza ndiye anayechagua." Mwanafunzi ananiletea: "Wauzaji wa Gikomba hununua nguo kuukuu asubuhi na mapema maana marobota hufunguliwa jua halijatoka, naye anayewahi ndiye huchagua." Anaapa kwamba ameandika kwa maneno yake. La. Amebadilisha vifungo, shati ni lile lile. Mshono haukuguswa: sentensi inaanza pale pale, inapinda pale pale, inaisha pale pale. Hata akiweka jina la mwandishi mwishoni, bado ana deni la alama za kunukuu.

Mwandishi aliyeelewa angefunga kitabu, angojee kidogo, kisha aandike kwa ajili ya hoja yake mwenyewe: "Katika biashara ya mitumba, mwenye mtaji mdogo anaweza kumshinda mwenye mtaji mkubwa kwa kufika mapema tu, kwa kuwa ubora wa nguo huamuliwa robota linapofunguliwa", na hapo amtaje mwandishi, mwaka na ukurasa. Wazo bado ni la kuazima, ndiyo maana jina lipo. Ila sasa linafanya kazi katika nyumba yake mpya.

Kazi yangu imetoka Turnitin na asilimia 27. Rafiki yangu amepata 6. Naogopa. Nifanye nini ishuke? – Umoja Two

Kwanza tulia. Turnitin ni programu ya kulinganisha maandishi, na asilimia yake inapima maneno yanayofanana na maandishi mengine, haipimi wizi. Ndani ya 27 yako huenda yamo majina ya vitabu kwenye marejeleo, maneno ya ukurasa wa mwanzo ambayo kila mwanafunzi wa chuo chenu ameyaandika, na nukuu ulizozinukuu kwa haki. Ndani ya 6 ya rafiki yako inaweza kuwamo aya moja nzima iliyochukuliwa kimya kimya. Fungua ripoti yenyewe, pitia kila sehemu iliyopakwa rangi, na ujiulize: hapa nimetaja? hapa nimeweka alama? Palipokosekana, paongeze. Palipo sawa, paache. Wale wanaokuuzia ujanja wa kubadilisha herufi au kupachika maneno yasiyoonekana, kaa mbali nao. Mtahini anasoma kwa macho.

Mama Mhariri, nimebakiwa na wiki mbili. Katika sura ya pili nina nukuu kama tisa ambazo sikumbuki nilizitoa wapi. Nilikuwa nikisoma kwenye matatu na kujiandikia kwenye simu. Nisaidie. – Mwenye haraka, Rongai

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu imenirudisha 1997.

Mwaka huo kijana mmoja aliniletea tasnifu yake kwenye daftari, imeandikwa kwa penseli. Alikuwa na mtindo wake: dondoo hakuziwekea alama za kunukuu, alizichorea kistari cha wima pembeni, na chini ya ukurasa akaandika jina la mwandishi na mshale mwembamba wa kupanda juu. Yeye aliuelewa mshale wake. Mimi sikuuona. Ilikuwa jioni, taa ilikuwa hafifu, penseli imefifia, na nilikuwa na kazi tatu za kumaliza kabla ya Ijumaa. Nikachapa aya tatu za mtu mwingine kana kwamba ni zake, bila alama, bila jina. Yeye alizisoma karatasi juu juu tu, akiniamini, akazipeleka.

Siku ya utetezi mmoja wa watahini alikuwa anakijua kile kitabu. Alikitoa kwenye mkoba, akakifungua, akaanza kusoma kwa sauti, na kijana akafuatisha kwa macho kwenye ukurasa wake mwenyewe, neno kwa neno. Alinisimulia hayo akiwa amesimama mlangoni pangu, hakutaka kuketi. Nilichukua lile daftari nikaenda naye chuoni. Niliwaonyesha kistari, nikawaonyesha mshale. Walinisikiliza kwa heshima, kisha mmoja wao akafungua ukurasa wa ungamo, ule unaosema "tasnifu hii ni kazi yangu mwenyewe", akaniuliza sahihi hii ni ya nani. Ilikuwa ya mwanafunzi. Mchapaji hana sahihi pale. Alirudia sura nzima na mahafali yakampita mwaka huo. Hakunidai chochote. Tangu siku hiyo sichapi wala sihariri ukurasa wenye dondoo kabla mwenyewe hajanionyesha kwa kidole inaanzia wapi na inaishia wapi.

Ninalolijua kutokana na hapo ni hili: chanzo hupotea siku ile unaponakili. Siku ya mwisho wewe unagundua tu.

Sasa wiki zako mbili. Chukua kila nukuu, chagua ndani yake maneno sita au saba yanayofuatana ambayo si ya kawaida, yaweke ndani ya alama za kunukuu kwenye mtambo wa kutafutia, uone. Rudia kwenye ule wa makala za kitaaluma. Kama kitabu ni cha Kiingereza nawe uliandika kwa Kiswahili, jaribu kurudisha maneno makuu kwenye Kiingereza. Angalia tarehe ambazo ujumbe uliingia kwenye simu yako, kisha fungua historia ya kivinjari ya siku hizo hizo. Nenda maktabani uombe rekodi ya vitabu ulivyoazima. Zungumza na wahudumu wa pale, watu hawa wana kumbukumbu ambayo wanafunzi hawaitumii. Sidhani utakosa zote. Utakazokosa, ziondoe. Najua inauma, huenda moja ni nzuri kuliko zote. Iondoe hata hivyo, na aya ijengwe upya kwa kile unachoweza kukionyesha.

Kuanzia leo fanya hivi. Nunua daftari, lifungue, ukurasa wa kushoto uwe wa maneno ya wengine, wa kulia uwe wako. Upande wa kushoto andika kwanza mwandishi, mwaka na namba ya ukurasa, *kisha* ndipo unakili maneno, na uyafunge kwa alama za kunukuu hapo hapo. Mpangilio huo usiubadilishe. Ukiandika maneno kwanza, konda atakwambia "shuka hapa", na ukurasa utasahaulika. Na kama ni lazima usome kwenye matatu, piga picha tatu: ukurasa wenye dondoo, ukurasa wa jina la kitabu, na ule wa nyuma yake wenye mwaka na mchapishaji.

Niliiomba programu ya akili unde initafutie vyanzo kuhusu ujifunzaji wa Kiswahili shuleni. Ilinipa sita, na majina ya majarida na namba za kurasa. Maktabani wamepata vinne tu. Hivyo viwili niviache vilivyo? – Kasarani

Viondoe leo. Programu hizo zinaweza kutunga rejeleo kwa kufuata umbo la marejeleo ya kweli: jina la mtaalamu aliye hai, jarida linalojulikana, mwaka unaoaminika, na makala ambayo haikuwahi kuandikwa. Si wanafunzi tu wanaonaswa. Mwaka 2023 huko New York, mawakili wawili pamoja na kampuni yao walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT, mojawapo ya programu hizo, kana kwamba ziliamuliwa kweli.

Hivyo vinne vilivyopatikana, je, umevifungua? Kupatikana maktabani ni jambo moja, kusema kile programu ilichodai vinasema ni jambo jingine. Usirejelee kitu ambacho hujakiona kwa macho yako. Kama umekutana na maneno ya mtaalamu ndani ya kitabu cha mtu mwingine na hukuweza kukipata cha asili, sema hivyo wazi: fulani, alivyonukuliwa na fulani, na kwenye orodha ya marejeleo uweke kile kitabu ulichokishika. Na kabla hujaendelea kuitumia programu hiyo, mwulize msimamizi idara inaruhusu nini na inataka utamke vipi. Kila idara ina msimamo wake, na ni afadhali uulize sasa kuliko kuulizwa baadaye.

Idara yetu inataka APA, mwalimu mmoja anataka MLA. Na majina yetu ya Kiafrika nayapangaje, maana mfumo unataka "jina la ukoo" kwanza? – South B

Fuata mtindo wa idara, na yule mwalimu mwombe akuandikie kama anataka tofauti. Msomaji hajali sana kama ni APA au MLA, anajali usichanganye. Ikiwa ni APA, hakikisha unatumia toleo la saba, la 2019. Bado naletewa kazi zenye mji wa uchapishaji kwenye kila kitabu, na toleo hilo limeuondoa. Waandishi wakiwa watatu au zaidi, ndani ya matini andika wa kwanza "na wenzake" tangu mara ya kwanza.

Majina ni jambo zito zaidi, na nafurahi umeuliza. Usikubali mashine ikupangie. Ngũgĩ wa Thiong'o hupangwa chini ya Ngũgĩ, kwenye herufi N, ndivyo maktaba kubwa zinavyofanya. Nimewahi kumkuta kwenye T, nimemkuta kwenye W, na mara moja amegawanywa kuwa watu wawili. Vitabu vyake vya mwanzo, vya miaka ya 1960, vilitoka kwa jina James Ngugi. Ukitumia chapa ya wakati huo, andika jina lililo kwenye kitabu ulichokishika, kisha mwonyeshe msomaji kwamba ni mtu yule yule. Kwa waandishi wengine, angalia wao wenyewe wanajiandikaje, au maktaba inawapanga vipi.

Shikamoo Mama. Ninakusanya ngano na nyimbo za zamani Pumwani Majengo kwa ajili ya kozi ya fasihi simulizi. Nyingi nimepewa na nyanya yangu mwenyewe. Hana kitabu, hana mwaka, hana ukurasa. Mwenzangu ananiambia hayo si marejeleo, niandike tu kana kwamba ni yangu kwa kuwa ni ya familia. – Mjukuu, Majengo

Marahaba mjukuu. Mwenzako amekosea sana. Nyanya yako ni chanzo kuliko vitabu vingi nilivyovichapa. Nenda kamwulize mzee yeyote aliyesoma chuo cha Qur'ani hapo Majengo, atakwambia hadithi ya Mtume haipokewi bila mlolongo wa wapokezi, fulani kapokea kwa fulani, aliyepokea kwa fulani, hadi inapoanzia. Watu wetu walikuwa wakitaja vyanzo kabla mitindo hii ya herufi tatu haijafika.

Kwanza mwombe ruhusa. Mweleze ni nini utakachofanya na maneno yake, nani atayasoma, na umwulize anataka jina lake liandikwe au lisitiriwe. Ni nyanya yako, lakini usidhani amekubali kwa sababu amekusimulia. Akikubali, andika jina lake kamili anavyopenda liandikwe, mahali, na tarehe ya kila kikao. Kama alisema wimbo huu aliupokea kwa mamake, nawe andika kwamba aliupokea kwa mamake. Usiukate mlolongo kwake.

Kuhusu mahali pa kuviweka: kwa APA, mazungumzo ya kawaida yasiyoweza kufikiwa na msomaji hutajwa ndani ya matini tu, jina na tarehe kamili, hayaingii kwenye orodha ya marejeleo. Kwa MLA mahojiano huingia kwenye orodha chini ya jina la aliyehojiwa. Lakini wewe unamtafiti nyanya kama mtambaji, ngano zake ndizo data yako, kwa hiyo maelezo yake yaingie kwenye sura ya mbinu za utafiti, na mwishoni uweke kiambatisho cha watambaji: nani, wapi, lini, alitamba nini. Akitaka kusitiriwa, mpe alama badala ya jina na uitumie hiyo hiyo kote. Rekodi zihifadhi sehemu mbili, si kwenye simu pekee.

Ukishamaliza kuandika, kabla hujapeleka kwa msimamizi, rudi Majengo ukae naye, umsomee kwa sauti kurasa zenye maneno yake, polepole. Beba kalamu. Mahali atakapokwambia "hapo sikusema hivyo", rekebisha hapo hapo akikuona.